Wosia wa mtandaoni nchini Kenya: kutoka kwenye skrini hadi karatasi inayokubalika mahakamani

Mjomba wangu alifariki akiwa na wosia kwenye barua pepe yake. Kurasa sita zilizopangwa vizuri: jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, ploti yake ya Kisauni, akiba yake, na jina la binti aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya kuandaa wosia, akajibu maswali, akalipa, akatumiwa faili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari wa saini yake na mistari miwili ya mashahidi. Mistari yote mitatu ilikuwa mitupu.

Hakuwa na mke wala mtoto wa kumzaa, na wazazi wake walikuwa wametangulia. Kisheria alihesabiwa kuwa amekufa bila wosia, mali ikaenda kwa ndugu zake kwa mafungu sawa, mama yangu akiwemo. Binti yule hakuwahi kuasiliwa rasmi. Tena alikuwa ameshaanza kazi, anajilipia kodi ya nyumba mwenyewe, kwa hiyo hakuweza kusimama mahakamani kama mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu. Mama alichukua fungu lake akampa. Wengine hawakutoa.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya ile mistari mitatu. Tovuti inaweza kukusaidia sana kupanga mawazo na kukukumbusha uliyoyasahau, lakini inachokupa ni rasimu. Rasimu hiyo hugeuka wosia mezani, kwa kalamu, mbele ya watu wawili. Yote nitakayoeleza ni ya Kenya, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Msomaji aliye Tanzania asiifuate hii, maana huko sheria za kimila, za Kiislamu na za serikali zinakwenda sambamba. Yeye aanzie RITA, wakala wa serikali ya huko wanaoandika na kutunza wosia.

Kwanza, je, wosia wa mtandaoni unakufaa?

Mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 na mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Mwanamke, awe ameolewa au hajaolewa, ana haki sawa na mwanamume. Kifungu cha 5 kimelisema hilo waziwazi, na bado nakutana na kina mama wanaodhani lazima mume aridhie kwanza.

Tuchukue mfano wa kwenda nao: mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru. Ameolewa, ndoa ya mke mmoja, ana watoto watatu na mdogo wao ana miaka tisa. Ana ploti Njoro kwa jina lake, akiba ya Sacco, pensheni, akaunti ya benki, pesa kidogo kwenye M-Pesa na ng'ombe wawili wanaotunzwa kwa mamake. Anataka mali yake iende kwa mume na watoto, na kitu kidogo kwa mama. Fomu za mtandaoni zinamfaa mtu wa namna hii.

Kuna wengine ambao fomu itawaponza. Mwenye familia ya nyumba mbili au zaidi asitegemee tovuti. Amwone wakili, kwa kuwa hapo ndipo kesi nyingi za mirathi huzaliwa. Vivyo hivyo mwenye mali nje ya nchi, mwenye biashara ya ubia, mwenye mtoto mlemavu atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote, na yeyote anayekusudia kumnyima mke, mume au mtoto.

Kwa Mwislamu jambo hili lina njia yake. Sheria yenyewe ya Kenya inasema mirathi ya Mwislamu itafuata sheria ya Kiislamu. Wasia wako hauvuki thuluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, wala hauendi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake, ila warithi wenzake waridhie. Fomu inayokuuliza ungependa kumwachia nani nyumba yako yote haijui lolote kuhusu mafungu hayo. Nenda kwa Kadhi, au kwa wakili anayeijua mirathi ya Kiislamu, na uandike huko.

Kabla ya kufungua tovuti: kusanya karatasi

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama wosia utakuwa na maana. Tenga jioni moja au mbili. Chukua daftari, andika kila kitu ulicho nacho, na kando ya kila kitu andika kiko kwa jina la nani. Usiandike kiko mikononi mwa nani. Swali ni jina.

Shamba na ploti huanza na hati. Fanya upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, au kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa mwaka 2021 ukianzia Nairobi. Nakili nambari ya hati herufi kwa herufi. Ukikuta shamba mnalolima miaka yote bado liko kwa jina la babu, huwezi kuliusia, kwa sababu halijawa lako. Unachoweza kusema ni kwamba haki yoyote utakayopata katika mirathi ya babu iende kwa fulani. Na kazi ya kweli iliyo mbele yenu ni kuifungua hiyo mirathi ya babu mkiwa bado mnao wazee wanaojua mipaka.

Kama hati ina majina mawili, soma kwa makini mnamiliki vipi. Kuna umiliki wa pamoja ambapo mmoja akifa, aliyebaki huchukua chote moja kwa moja. Wosia hauligusi shamba la aina hiyo. Na kuna umiliki wa mafungu, ambapo kila mmoja ana sehemu yake na anaweza kumwachia amtakaye. Majina mawili hayo hayo, matokeo mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna mali ambazo hufuata fomu nyingine. Mafao ya pensheni hayaingii kwenye mirathi. Sheria ya Mafao ya Uzeeni inasema wadhamini wa mfuko watayalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na wao huanza kwa kuangalia fomu uliyojaza ya warithi. Kwenye Sacco nako kuna mtu uliyemteua. Bima ya maisha ina mnufaika wake. Mwalimu wetu huenda alijaza fomu ya Sacco mwaka alioajiriwa, akiwa hajaolewa, akaandika jina la kaka yake. Wosia wake unaweza kusema mengine, lakini ofisi ya Sacco itafungua faili na kuona kaka. Kwa hiyo wiki hiyo hiyo unayoandika wosia, pita Sacco, pita mfuko wa pensheni, pita kampuni ya bima, uombe kuona fomu yako na uibadilishe inapobidi. Hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote niliyoyaandika hapa, na halihitaji tovuti wala wakili.

Malizia orodha kwa hisa za soko la Nairobi na nambari ya akaunti yake ya CDS (ile inayotunza hisa kielektroniki), akaunti za benki, gari na kitabu chake, mifugo, pesa ulizokopesha, na madeni unayodaiwa. Madeni pia yaandikwe. Hulipwa kwanza, kabla ya mrithi yeyote kupata kitu.

Kuichagua huduma

Hapa sitakutajia jina la kampuni, nitakupa maswali tu. Je, tovuti inasema wazi kwamba wosia wake umeandaliwa kwa sheria ya Kenya? Nyingi zinazojitokeza unapotafuta ni za Uingereza au Marekani. Ukiona inakuuliza jimbo unaloishi, au inataja sheria za huko, funga. Je, inasema ni wakili gani au ofisi gani ya mawakili iliyoandaa maneno yake, na je, jina hilo lipo kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Mawakili cha Kenya? Je, imesajiliwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019? Unakwenda kuwapa nambari ya kitambulisho, majina ya watoto wako na orodha ya kila ulichonacho. Hakuna mwizi ambaye hangependa faili hiyo.

Uliza pia malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka. Baadhi hutoza ada ya kutunza nakala, na mtu akiacha kulipa hawezi tena kuifungua. Mimi napendelea huduma inayokuuzia rasimu, ukaipakua, mkaachana.

Jambo moja ulikatae moja kwa moja: tovuti inayokuambia utie saini kwa kidole kwenye skrini na wosia umekamilika. Ni kweli Kenya inakubali saini za kielektroniki katika mikataba mingi. Lakini sheria ile ile ya habari na mawasiliano inayozikubali imeutoa wosia nje ya ruhusa hiyo. Wosia ni wino.

Nani akae kwenye kibodi

Nalitenga hili kwa sababu naliona likifanyika kwa nia njema na kuleta msiba. Mzee hana simu janja, au macho yamechoka. Kijana wake wa mwisho anamwambia, "Baba, nipe nikujazie." Anatumia barua pepe yake, analipa kwa M-Pesa yake, anaandika alichosikia baba akisema. Na nyumba imeachiwa yeye.

Sheria inasema wosia, au sehemu yake, uliopatikana kwa ulaghai, kwa kulazimishwa au kwa kusumbuliwa mpaka mtu akakosa hiari yake, ni batili. Ndugu wakienda mahakamani, ushahidi wa kwanza watakaouonyesha ni hiyo risiti ya M-Pesa. Hata kama kijana hakukosea, atakuwa ametengeneza shaka kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee akihitaji kusaidiwa, asaidiwe na mtu asiyerithi chochote: mwalimu mstaafu wa jirani, katibu wa kanisa, karani anayeaminika. Afunguliwe barua pepe yake mwenyewe. Warithi wakae nje ya chumba. Asomewe rasimu yote kwa lugha anayoielewa, taratibu, na msaidizi aandike kwamba alisomewa na akakubali. Kama mzee ni mgonjwa au umri umekwenda sana, apate barua ya daktari ya siku ile ile ikisema akili yake iko sawa. Sheria humchukulia kila mtu kuwa timamu mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo, lakini barua hiyo huzima ubishi mapema.

Kujibu maswali ya fomu

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na nambari ya kitambulisho kando. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la shule, jina la nyumbani na jina la ubatizo. Ukiandika "Mama Njeri" na ukoo una kina Mama Njeri watatu, umepanda ugomvi. Ukipenda, yataje yote: "Fulani, ambaye pia hujulikana kama fulani."

Fomu itauliza watoto wako. Wataje wote. Mtoto uliyemzaa nje ya ndoa ni mtoto wako, na sheria inamhesabu kuwa tegemezi hata kama hukuwa ukimtunza. Mke, mume au mtoto akiachwa bila fungu la kutosha, wosia haufi, ila yeye anaweza kuiomba mahakama impatie, mradi aombe kabla mgawanyo haujathibitishwa. Majaji wakipima ombi hilo huangalia, pamoja na mambo mengine, ulichompa mtu ungali hai na sababu ulizokuwa nazo. Kwa hiyo kama kifungua mimba ulimnunulia ploti alipooa na ndiyo maana fungu lake sasa ni dogo, liandike hilo kwa sentensi moja tulivu. Usiandike malalamiko. Wosia husomwa kwa sauti mbele ya watu wenye majonzi.

Msimamizi wa wosia ndiye atakayekwenda mahakamani, akalipa madeni na kugawa. Chagua mtu mwenye subira na karatasi, anayeishi mahali panapofikika, na umwombe kwanza. Teua wawili kama una watoto wadogo, kwa kuwa mali ya mtoto itashikwa kwa amana mpaka akue, na si vyema amana ikae mkononi mwa mtu mmoja. Wasizidi wanne, mahakama haitoi idhini kwa zaidi ya hapo. Mwalimu wetu amemteua mumewe na dada yake.

Kwa watoto walio chini ya miaka 18, fomu itakuuliza mlezi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wosia. Mzazi mwenzako akiwa hai, haki na wajibu wake haviondoki. Mlezi wako atashirikiana naye. Mtaje pia wa akiba, endapo wa kwanza hataweza.

Sasa mgawanyo wenyewe. Eleza kitu mpaka mgeni aweze kukitambua. Rasimu ya mwalimu wetu, kwa Kiswahili, ingesomeka hivi:

"Nafuta wosia wowote nilioandika kabla ya huu. Ploti yangu iliyoko Njoro, yenye hati nambari kadha, namwachia mume wangu. Akifariki kabla yangu, iwe ya watoto wangu watatu kwa mafungu sawa. Ng'ombe wangu wote watakaokuwa kwa mama yangu siku ya kifo changu, namwachia mama. Mali yangu yote iliyobaki, niliyoitaja na nisiyoitaja, namwachia mume wangu nusu, na watoto wangu nusu kwa mafungu sawa."

Tazama mambo mawili humo. La kwanza ni "akifariki kabla yangu": kila unayemwachia kitu, sema kitakwenda wapi akikutangulia. La pili ni "mali yangu yote iliyobaki". Bila sentensi hiyo, kiwanja utakachonunua mwaka kesho kitakuwa nje ya wosia na kitagawanywa kama cha mtu asiyeusia. Hata mengine yote ukiyaandika vibaya, hiyo usiikose. Tazama pia kwamba hakusema "ng'ombe wawili", kwa kuwa ng'ombe huzaa, huuzwa na hufa.

Fomu nyingi zina nafasi ya maelezo ya mazishi. Yaandike ukitaka, lakini elewa uzito wake. Maiti si mali, na mahakama za Kenya huyachukulia matakwa ya marehemu kama jambo la kuheshimiwa inapowezekana, si amri. Wakenya wa umri wangu hawajasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Ukiwa na neno kuhusu kaburi lako, waambie watu wako wakiwa pamoja, kwa sauti, mapema. Wosia mara nyingi hufunguliwa baada ya mazishi.

Rasimu ikija

Usiichape siku hiyo hiyo. Ilaze siku mbili. Ukiisoma tena, linganisha kila nambari na karatasi halisi, si na kumbukumbu. Huduma nyingi huandika kwa Kiingereza cha kisheria. Ukikutana na sentensi usiyoielewa, usitie saini mpaka ieleweke, kwa kuwa wosia lazima uwe na kile ulichokijua na kukikubali. Sheria haikulazimishi lugha yoyote. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, ukijua kwamba huenda mahakama ikataka tafsiri.

Hapa ndipo ninapopendekeza kumlipa wakili saa moja asome tu. Ada ya kusoma kurasa sita ni ndogo kuliko ya kuandika wosia mzima, na atagundua kile ambacho fomu haikuuliza.

Ukichapa kwenye saiba, kumbuka faili itabaki kwenye ile kompyuta. Ifute kutoka kwenye folda ya vipakuliwa, futa pia kwenye kapu la taka, toka kwenye barua pepe yako kabla ya kuondoka, na uchukue kurasa zilizoharibika. Chapa upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na nambari, na saini isikae peke yake kwenye ukurasa usio na maneno mengine ya wosia.

Siku ya saini

Mashahidi ni wawili au zaidi, watu wazima wenye akili timamu. Wasiwe warithi, wala waume au wake wa warithi. Shahidi akiwa ameachiwa kitu, au mwenzake wa ndoa ameachiwa, wosia wenyewe hauharibiki, lakini zawadi ile inakuwa batili, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili huru zaidi ya hao. Mara ngapi mtu humwita shemeji kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu! Mwalimu wetu atawaita walimu wenzake wawili. Wachague wenye umri mdogo kuliko wako, wanaopatikana, maana siku moja wanaweza kuitwa kuthibitisha walichoona.

Sheria ya Kenya inaruhusu mashahidi waje kwa nyakati tofauti, kila mmoja akikuona ukitia saini, au ukimkiri kwamba saini ile ni yako, naye akasaini mbele yako. Mimi nakushauri muwe wote watatu chumbani kwa wakati mmoja, mlango umefungwa, simu zimewekwa kando. Kwa utaratibu huu:

1. Waambie, "Huu ni wosia wangu." Hawahitaji kuusoma wala kujua nani amepewa nini.
2. Weka saini yako ndogo chini ya kila ukurasa, kisha saini kamili mwishoni, wao wakiangalia. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba, au amwagize mtu amsainie mbele yake.
3. Kila shahidi asaini mbele yako, aandike jina kamili, nambari ya kitambulisho, anwani na kazi yake.
4. Andikeni tarehe kwa mkono. Kalamu moja kwa wote, wino wa bluu au mweusi.
5. Zibane kurasa kwa pini mara moja, usizifungue tena. Matundu ya pini yaliyozidi huzua swali la ukurasa uliobadilishwa.

Mtu yeyote asitoke chumbani kabla ya yote kuisha. Video ya simu inaweza kusaidia mzee anayeogopa ubishi, lakini haichukui nafasi ya saini hata moja.

Wapo wanaoniambia, "Mimi nitawaambia tu watoto." Wosia wa mdomo upo kisheria, lakini unahitaji mashahidi wawili, na unafaa tu ukifa ndani ya miezi mitatu tangu useme. Ukijaaliwa kuishi mwaka, umepotea.

Pa kuuweka

Msimamizi atatakiwa kupeleka mahakamani wosia halisi. Ukipotea, kuna njia ya kutumia nakala au watu wanaojua yaliyomo, lakini ni njia ndefu yenye maswali. Uweke kwa wakili, au benki inayotoa huduma hiyo, au ndani ya sanduku lisiloshika unyevu, kwenye bahasha iliyofungwa na kuandikwa jina lako na tarehe. Piga picha kila ukurasa bila kufungua pini, umpe msimamizi picha hizo kama unamwamini, au walau umwonyeshe bahasha ilipo. Mwambie mtu wa pili pia.

Ile orodha ya mali ya daftarini iweke pamoja nao, lakini usiibane na wosia. Hiyo utaibadilisha kila mara. Bila orodha kama hiyo, akaunti na hisa ambazo familia haikuzijua huishia kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi huanza kuzisaka kwa nambari ya kitambulisho cha marehemu. Usiandike PIN za benki humo.

Mweleze msimamizi kitakachomkabili: cheti cha kifo, wosia halisi, ombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za pingamizi, kisha idhini, na kwa kawaida miezi sita kabla ya kuithibitisha na kugawa. Katika muda huo asijitokeze mtu kuuza ng'ombe wala kukodisha ploti kwa sababu tu ni ndugu. Kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai.

Kuubadilisha

Ndoa huufuta wosia. Ukiandika leo ukiwa hujaolewa au hujaoa, kisha ukafunga ndoa, wosia wako wa zamani umekufa, isipokuwa ulisema ndani yake kwamba unauandika ukitarajia kufunga ndoa na mtu fulani, kwa jina. Wapo walioishi pamoja miaka kumi, wakaandika wosia, kisha wakaenda kuhalalisha ndoa yao; wengi wao hawajui kwamba walitakiwa kuandika upya wiki ile. Talaka, mtoto mpya, kifo cha msimamizi, kuuza au kununua shamba: kila moja ni sababu ya kurudi mezani.

Usikate mstari kwa kalamu na kuandika juu yake. Badiliko la namna hiyo halina nguvu mpaka lisainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe, na karatasi yenye mikwaruzo huleta mashaka. Rudi kwenye tovuti, tengeneza rasimu mpya, anza na "nafuta wosia wowote nilioandika kabla ya huu", uwaite mashahidi tena.

Wa zamani usiuchane kabla wa mpya haujasainiwa na wote watatu. Ukishasainiwa, uchane wa zamani wewe mwenyewe, uchome vipande, kisha mwombe msimamizi afute picha za kwanza kwenye simu yake na umtumie za sasa.